Seli Shina Ndani ya Vifuko vya Jeli: Utafiti wa Kuotesha Mfupa Mpya Umefika Wapi?

Mfupa ni miongoni mwa tishu chache za mwili wa mtu mzima zinazoweza kupona bila kuacha kovu. Ngozi iliyokatwa huziba kwa kovu, na misuli ya moyo iliyokosa damu hubaki na kovu. Lakini mfupa uliovunjika, ukitulizwa vizuri na kupata damu ya kutosha, hujijenga upya kwa mfupa halisi, kiasi kwamba baada ya miaka kadhaa picha ya eksirei huweza isionyeshe mahali ulipovunjikia. Uwezo huo, hata hivyo, una kikomo. Katika ajali kubwa, kwa mfano ya bodaboda, mfupa wa muundi huweza kutokeza nje ya ngozi, na vipande vilivyochafuka au kufa vikalazimika kuondolewa. Pengo linalobaki huweza kuwa kubwa kuliko mwili unavyoweza kulijaza. Kwa muundi wa mtu mzima, pengo la sentimita 2 hivi au zaidi, lililokula zaidi ya nusu ya mzingo wa mfupa, kwa kawaida halizibi lenyewe.

Mgonjwa mwenye pengo la namna hiyo mara nyingi ni kijana anayetegemewa na familia. Hutembelea magongo kwa mwaka mzima au zaidi, hufanyiwa upasuaji mara kadhaa, na huweza kupoteza kazi iliyokuwa ikimlisha. Wengine huishia kukatwa mguu. Ni kwa ajili ya wagonjwa hao watafiti katika nchi mbalimbali wanajaribu kufunga seli shina hai ndani ya vifuko vidogo vya jeli na kuvipanda katika pengo ili vioteshe mfupa mpya. Habari za utafiti huu zimekwisha kuwafikia wagonjwa, na pamoja nazo yamekuja matangazo ya "sindano za seli shina" zinazodaiwa kuponya kila tatizo la mifupa. Makala haya yanaeleza utafiti wenyewe ulivyo, mahali unapokwama, na mambo ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyafanya leo.

Mfupa huungaje?

Mara baada ya mfupa kuvunjika, damu hujikusanya na kuganda kati ya ncha zilizovunjika. Bonge hilo la damu ndilo chanzo cha uponyaji. Seli za kinga huingia, husafisha mabaki, na hutoa ishara za kikemikali zinazoita seli shina kutoka katika uboho na katika utando unaoufunika mfupa kwa nje. Katika wiki zinazofuata, seli hizo hujenga gegedu laini linaloziunganisha ncha mbili. Mishipa midogo ya damu hupenya ndani ya gegedu hilo, na hatua kwa hatua nafasi yake huchukuliwa na mfupa mchanga wenye madini. Mwishowe, kwa miezi na hata miaka, aina mbili za seli hushirikiana kuuchonga mfupa huo hadi urudie umbo lake: osteoklasti, ambazo humeng'enya mfupa wa zamani, na osteoblasti, ambazo hujenga mpya.

Ili kazi hiyo ikamilike, yanahitajika mambo matano: seli zinazoweza kujenga mfupa, ishara za kuziamuru zijenge, kiunzi cha kuzishikilia, utulivu wa ncha zilizovunjika, na damu ya kuzilisha. Likikosekana moja, manne yaliyobaki huweza yasitoshe. Kanuni hii ni muhimu kuishika, kwa kuwa kila tiba mpya inayotajwa hapa chini inaweza kupimwa kwayo.

Tiba zinazotumika sasa zimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Ya kwanza ni kuchukua vipande vya mfupa kutoka ukingo wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuvijaza katika pengo. Vipande hivyo huleta seli, ishara na kiunzi kwa pamoja, na kwa kuwa ni vya mwili wenyewe, kinga haivikatai. Ndiyo maana hadi leo hiki ndicho kipimo ambacho tiba nyingine hulinganishwa nacho. Lakini akiba ya nyonga ni ndogo, na mahali palipochukuliwa mfupa huweza kuuma kwa muda mrefu.

Ya pili ni njia ya Gavriil Ilizarov, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika mji wa Kurgan, Siberia, na kuanza kuijenga njia hiyo katika miaka ya 1950. Mfupa hukatwa katika sehemu yake yenye afya, kisha fremu ya pete za chuma huvuta kipande kilichokatwa taratibu, takribani milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya hujijenga nyuma yake. Ya tatu ni ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet, iliyoanza katika miaka ya 1980. Simenti ya mifupa huwekwa katika pengo kwa wiki kadhaa ili mwili uizungushie utando wenye mishipa ya damu. Baadaye simenti hutolewa na vipande vya mfupa hujazwa ndani ya utando huo. Njia zote tatu zimeokoa miguu mingi. Hata hivyo, ya pili humtaka mgonjwa avae fremu kwa miezi mingi, na ya tatu bado hurudi kuomba mfupa kwenye nyonga.

Seli shina za mfupa ni zipi?

Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi ya kudumu. Inaweza kujigawa na kuzaa seli nyingine shina, au kugeuka kuwa seli ya kazi maalumu. Katika uboho zimo aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Aina ya kwanza ni seli shina za damu, zinazozaa seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani. Hizi ndizo zinazotumika katika upandikizaji wa uboho kwa wagonjwa wa selimundu na saratani za damu, kama ule uliokwisha kuanza kufanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Aina ya pili ni seli shina za tishu unganishi, zinazoweza kuzaa mfupa, gegedu na mafuta. Makala haya yanahusu aina hii ya pili. Mafanikio ya upandikizaji wa uboho kwa selimundu, kwa hiyo, si ushahidi kwamba seli shina zinaunga mifupa. Ni seli tofauti na tiba tofauti.

Mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, Alexander Friedenstein, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba uboho una seli zinazoweza kujenga mfupa zikipandwa mahali pengine mwilini. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina lililoenea duniani kote. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliothibitisha kwamba seli hizo, zikikuzwa katika maabara, zinaweza kuelekezwa kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Utafiti huo ulionyesha pia jinsi zilivyo adimu: seli 1 tu kati ya seli 10,000 hadi 100,000 za uboho.

Uadimu huo una maana kwa mgonjwa. Mwaka 2005 daktari Philippe Hernigou wa Ufaransa na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 60 ambao muundi wao ulikuwa umekataa kuunga. Wagonjwa hao walivutwa uboho kutoka nyonga, ukakusanywa na kuwa mzito, kisha ukadungwa mahali palipovunjika. Mifupa ya wagonjwa 53 iliunga. Wale 7 ambao haikuunga walikuwa wamepokea seli shina chache kuliko wenzao. Funzo lilikuwa wazi: haitoshi kudunga uboho; ni lazima seli za kutosha zifike na zibaki mahali zinapohitajika. Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa hao walikuwa na mifupa isiyounga, si mapengo makubwa.

Kwa nini seli zifungwe?

Seli zinazodungwa zikielea katika maji hukutana na matatizo mawili. Kwanza, nyingi hutiririka na kuondoka mahali zilipokusudiwa. Pili, zinazobaki huingia katika jeraha lenye uvimbe, upungufu wa oksijeni na seli za kinga zilizo vitani, na sehemu kubwa hufa ndani ya siku au wiki chache. Kuzifunga ni jaribio la kuzipa nyumba: zikae mahali pamoja, zikingwe dhidi ya misukosuko ya siku za mwanzo, lakini ziendelee kupata hewa na chakula.

Wazo la kufunga vitu vya uhai ndani ya ngozi nyembamba inayopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine lilitangazwa mwaka 1964 na Thomas Chang wa Montreal, Kanada. Mwaka 1980 watafiti wawili, Lim na Sun, walifunga seli zinazotoa insulini ndani ya vifuko na kuvipandikiza katika panya wenye kisukari, na sukari ya panya hao ikadhibitiwa kwa muda. Tangu hapo, malighafi iliyotumika zaidi kutengeneza vifuko hivyo ni aljineti.

Aljineti hutoka baharini. Ni sukari ndefu inayopatikana katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi, na ilitambuliwa mwaka 1881 na mkemia wa Uingereza, E. C. C. Stanford. Wahudumu wa afya wanaifahamu tayari: ndiyo unga ambao madaktari wa meno huukoroga kwa maji ili kuchukua umbo la meno, na imo katika baadhi ya bandeji za vidonda vinavyotoa majimaji mengi. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wa jamii nyingine, mwani mwekundu, ambao hutoa jeli iitwayo karajinani inayotumika zaidi viwandani kugandisha vyakula. Jamaa hao wawili wa baharini wasichanganywe.

Utengenezaji wa kifuko ni rahisi kuuelewa. Seli huchanganywa na uji mwepesi wa aljineti, kisha mchanganyiko hudondoshwa tone kwa tone ndani ya maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kila tone linapogusa kalsiamu huganda papo hapo na kuwa kitufe cha jeli, na seli hubaki zimenaswa ndani. Hii ni kwa sababu nyuzi za aljineti zina vishimo ambamo chembe za kalsiamu hukaa kama mayai yanavyokaa katika trei, na kila chembe huzishika nyuzi mbili kwa pamoja. Kazi yote hufanyika bila joto kali wala kemikali za kuua seli. Vitufe vinavyotumika katika tafiti nyingi vina kipenyo cha sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo vinaweza kudungwa kwa sindano au kujazwa katika pengo la umbo lolote.

Jeli inayoelekeza seli

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jeli ni chombo tu cha kubebea. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli shina huhisi ugumu wa mahali zilipokaa na kuufuata. Zikikaa juu ya jeli laini kama ubongo, huanza kufanana na seli za neva. Juu ya jeli yenye ugumu wa msuli, hufanana na seli za msuli. Juu ya iliyo ngumu zaidi, huelekea kuwa mfupa. Mwaka 2010 kundi la David Mooney wa Harvard lilithibitisha jambo linalofanana na hilo kwa seli zilizofungwa ndani ya jeli ya aljineti. Upo ugumu wa kadiri unaozifanya zielekee kujenga mfupa. Jeli iliyo laini mno huzielekeza kwenye mafuta.

Aljineti yenyewe, hata hivyo, haina mahali pa seli kushika, na seli za mfupa zisiposhika kitu hazifanyi kazi vizuri na nyingine hufa. Kwa sababu hiyo watafiti huipachika aljineti vipande vifupi vya protini vinavyofanana na vile ambavyo seli huvishika katika tishu za kawaida. Aidha, kabla ya kupandikizwa, seli huweza kukuzwa kwa siku kadhaa katika maji ya virutubisho yenye vitamini C, chanzo cha fosfeti, na kiasi kidogo cha deksamethasoni, mchanganyiko unaozisukuma kuanza safari ya kuwa osteoblasti. Wengine huongeza ndani ya kifuko madini yanayofanana na ya mfupa, au protini za kuamuru ujenzi wa mfupa. Protini hizi za mwisho ni za familia ambayo ugunduzi wake ulitokana na kazi ya Marshall Urist wa Los Angeles. Mwaka 1965 Urist alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini na kupandwa ndani ya msuli wa mnyama huufanya msuli huo uoteshe mfupa.

Kifuko kinachopaswa kuondoka

Hapa ndipo kifuko cha mfupa kinapotofautiana na kile cha kisukari. Kifuko cha seli za insulini kinatakiwa kuwa ukuta wa kudumu: seli zikae ndani maisha yote, insulini itoke, na kinga ya mwili isiingie. Kifuko cha mfupa kinafanana zaidi na kiriba cha mche. Mche hukuzwa ndani ya kiriba ili mizizi yake ilindwe, lakini siku ya kupanda shambani kiriba huchanwa. Kikiachwa, mizizi hujizungusha humo humo na mti hudumaa. Vivyo hivyo, seli zikibaki zimefungwa, kila kitufe huweza kuwa na chembe yake ya madini ndani, lakini vitufe havishikamani kuwa mfupa mmoja unaobeba uzito wa mtu.

Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja aljineti. Chembe za kalsiamu huondoka polepole na nafasi zake kuchukuliwa na sodiamu, jeli hulegea, lakini nyuzi zenyewe huweza kubaki muda mrefu. Watafiti hujaribu kuzidhoofisha nyuzi hizo mapema, kwa mionzi au kwa kuziunguza kidogo kikemikali, ili zikatike mwilini kwa kasi inayolingana na ukuaji wa mfupa. Kupata kasi hiyo si rahisi. Jeli ikiyeyuka mapema, seli hutawanyika kabla hazijajenga; ikichelewa, huwa kizuizi. Na kasi inayofaa kwa kijana mwenye afya huenda isifae kwa mzee mwenye kisukari.

Kikwazo kikubwa zaidi: damu

Katika tishu hai, seli nyingi hazikai mbali na mshipa mdogo wa damu zaidi ya milimita 0.1 hadi 0.2, kwa kuwa oksijeni haisafiri mbali zaidi ya hapo kwa kupenya tu. Kifuko kidogo kinaweza kulishwa kwa kupenya kutoka nje. Lakini pengo la sentimita 5 katika muundi huhitaji maelfu ya vifuko vilivyorundikana, na siku ya kwanza baada ya upasuaji hakuna mshipa hata mmoja katikati ya rundo hilo. Vifuko vya pembezoni hupata damu; vya katikati husubiri, na mishipa mipya huhitaji siku na wiki kufika huko. Seli nyingi za katikati haziwezi kusubiri kiasi hicho.

Ukubwa wa kifuko nao una mgongano wake. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vitufe vikubwa, vya kipenyo cha milimita 1.5, hushambuliwa na kinga na kuzungukwa na kovu kwa kiasi kidogo kuliko vitufe vidogo, katika panya na hata katika nyani. Kwa mtazamo wa kinga, basi, kifuko kikubwa ni bora. Kwa mtazamo wa oksijeni, kidogo ndicho bora. Anayetengeneza kifuko cha mfupa hulazimika kuchagua kati ya madhara mawili, au kutafuta aina mpya ya jeli.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya matokeo mazuri ya wanyama kutohamia moja kwa moja kwa binadamu. Pengo la milimita chache katika paja la panya, ambamo majaribio mengi yamefanyika, liko karibu na damu pande zote. Mnyama huyo ni mchanga, hana maambukizi, na mfupa wake huunga haraka. Mgonjwa wa hospitalini ana pengo kubwa mara nyingi zaidi, misuli iliyopondeka, pengine usaha uliojificha, na pengine anavuta sigara. Bakteria wakiwamo katika pengo, vifuko vya jeli vinaweza kuwa maficho yao.

Yapo pia masuala ya utengenezaji. Seli za mgonjwa mwenyewe huhitaji wiki kadhaa za kukuzwa katika maabara safi sana na kupimwa kama zina bakteria na kama zimebadilika tabia. Seli za mtu mwingine zinaweza kuhifadhiwa tayari kwa barafu kali, lakini mwili wa mpokeaji huweza kuzitambua kuwa ngeni. Gharama ya njia zote mbili ni kubwa.

Kwa binadamu, hali ikoje?

Mwaka 2001 madaktari wa Italia na Urusi walitoa taarifa ya wagonjwa 3 wenye mapengo makubwa ya mifupa waliopandikizwa seli zao wenyewe zilizokuzwa maabara, zikiwa juu ya viunzi vya kauri vinavyofanana na madini ya mfupa. Mifupa yao iliunga. Taarifa hiyo ilitia moyo, lakini wagonjwa 3 wasio na kundi la kulinganisha hawatoshi kuthibitisha tiba, na seli hizo hazikuwa ndani ya vifuko vya jeli. Kuhusu seli shina zilizofungwa katika vifuko kwa ajili ya mfupa, sehemu kubwa ya ushahidi uliopo ni wa maabara na wa wanyama. Si tiba ya kawaida ya kuunga mifupa, na hospitali isiitangaze kana kwamba ndiyo.

Historia ya protini iitwayo BMP-2 inaonyesha kwa nini subira inahitajika. Protini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa kuunganisha pingili za kiunoni, na mwaka 2004 kwa mivunjiko wazi ya muundi. Baadaye ilianza kutumika pia shingoni, mahali ambapo haikuwa imeidhinishwa, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikalazimika kutoa onyo: wagonjwa walikuwa wamevimba shingo hata kuhatarisha njia ya hewa. Kichocheo kinachojenga mfupa vizuri mahali pamoja kilileta hatari mahali pengine.

Seli shina zina hatari zake pia. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake 3 waliopoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe, katika kliniki iliyowatoza fedha. Kauli kwamba "seli ni zako mwenyewe, haziwezi kukudhuru" si ya kweli.

Mgonjwa na mhudumu wa afya wafanye nini leo?

Mgonjwa anayeahidiwa tiba ya seli shina kwa mfupa wake ana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kutoa fedha au kuuza mali. Seli zinatoka wapi, na zimekuzwa na kupimwa katika maabara ipi? Tiba hii imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi wenye tatizo kama lake, na matokeo yamechapishwa wapi? Je, ni tiba iliyothibitishwa au ni utafiti? Kama ni utafiti, kibali kiko wapi? Kwa Tanzania, utafiti wa tiba mpya kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mshiriki hupewa maelezo ya maandishi kwa lugha anayoielewa, na ana uhuru wa kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Kwa kawaida mshiriki halipishwi dawa inayojaribiwa. Anayetozwa mamilioni ili "ashiriki utafiti" ana sababu ya kusita.

Kwa mhudumu wa afya, hasa wa zahanati na kituo cha afya, kazi kubwa ni kuzuia pengo lisitokee au lisikue. Mvunjiko wenye jeraha ni dharura. Mgonjwa apewe antibiotiki mapema iwezekanavyo, apewe kinga ya pepopunda, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu utulizwe kwa banzi, na rufaa ifanyike bila kuchelewa. Jeraha chafu lisishonwe juu juu ili kulificha. Mgonjwa aliyekwisha kufungwa hogo au kuwekewa vyuma afuatiliwe kwa picha. Mvunjiko ambao haujaunga baada ya miezi 9, na ambao hauonyeshi maendeleo kwa miezi 3 mfululizo, kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeshindwa kuunga. Lakini hakuna haja ya kusubiri miezi hiyo yote ikiwa kuna usaha, chuma kimelegea au maumivu yanazidi. Mgonjwa wa namna hiyo achunguzwe maambukizi, sukari, lishe na uvutaji wa sigara kabla ya kufikiria tiba nyingine yoyote.

Kwa mgonjwa mwenyewe, yapo mambo yaliyo katika uwezo wake. Kuacha sigara husaidia mfupa kuunga, kwa kuwa sigara hupunguza damu inayofika kwenye mvunjiko. Kudhibiti kisukari, kula chakula chenye protini ya kutosha kama maharage, samaki, dagaa au mayai, na kuhudhuria kliniki hata maumivu yanapopungua, navyo ni sehemu ya matibabu. Hogo lisifunguliwe nyumbani, na mguu usikandwe wala kuvutwa kabla ya daktari kuona picha. Mgonjwa ambaye mfupa wake umekataa kuunga aulize kuhusu rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa. Njia za nyonga, za Ilizarov na za Masquelet zimekwisha kuthibitishwa kwa miaka mingi, na kwa walio wengi ndizo zinazompa mgonjwa nafasi bora ya kuuokoa mguu.

Iwapo vifuko vya seli shina vitafika hospitalini siku moja, huenda vikaanza kama nyongeza ya njia hizo, vikichukua nafasi ya vipande vya nyonga ndani ya utando wa Masquelet ambao tayari una mishipa ya damu. Hata hapo, mfupa utahitaji mambo yale yale matano. Kifuko kinaweza kuleta seli, ishara na sehemu ya kiunzi. Utulivu utaendelea kutoka kwa daktari wa upasuaji, na damu itaendelea kutoka kwa tishu hai zilizolizunguka pengo, ambazo usalama wake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na namna jeraha lilivyohudumiwa katika saa za kwanza.